Kikomo cha Saa 8, Kazi ya Saa 12

Maneno niliyowaambia wakata mawe na jamaa zao huko Maweni, kisiwani Manda, Lamu, Siku ya Usalama na Afya Kazini, 28 Aprili. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, pamoja na mahali nilipokatizwa.

Assalamu alaykum. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mlioketi kivulini kule, shikamooni. Nanyi ndugu zangu mliotoka bara mkakifanya kisiwa hiki kwenu, hamjambo? Nashukuru kwa kiti mlichonipa, ijapokuwa ni jiwe. Angalau najua nani alilikata.

Nilipoalikwa niliambiwa nije nizungumzie helmeti na glavu. Nikakubali, nikapanda mashua, na kabla hatujafika katikati ya mlango wa bahari nikabadili nia. Habari ya helmeti mtaambiwa na kila mgeni anayeshuka hapa na karatasi mkononi. Mimi nimekuja na nambari moja tu, na jinsi nambari hiyo ilivyonidanganya, nami nikawadanganya watu.

Zamani, nilipokuwa kijana wa vipimo, nilifanya kazi katika mgodi mmoja mbali na hapa. Jina lake tuliache. Kazi yangu ilikuwa kuwafunga wachimbaji pampu ndogo kiunoni, mpira unapanda mgongoni hadi kwenye kola, na pale kolani pana kichujio. Pampu inavuta hewa ileile anayoivuta mwenye kuivaa. Jioni nakitoa kichujio, nakipima uzito, najua mtu huyu amekula vumbi kiasi gani. Zamu za pale zilikuwa za saa 12. Na nikisema saa 12 simaanishi magharibi, namaanisha muda: mtu anaingia alfajiri na anatoka taa zimewashwa. Lakini pampu nilikuwa naifungua baada ya saa 8, kwa sababu kitabu kilisema saa 8, na pia, niseme kweli, kwa sababu gari la kurudi ofisini lilikuwa halingoji mtu.

Siku moja kipimo kikatoka robo tatu ya kikomo. Nikaandika neno moja, "Salama", nikatia sahihi. Mzee mmoja, ambaye ndiye niliyekuwa nimemvisha pampu, akaniuliza, "Mwanangu, na hizi saa nne zilizobaki, vumbi lake litaandikwa na nani?" Nikacheka. Nilidhani mzee hajui hesabu. Ilinichukua miaka kadhaa na vitabu vizito kugundua kwamba asiyejua hesabu alikuwa mimi.

Sasa tufahamiane juu ya kikomo ni kitu gani. Kila kitu kinachodhuru kazini, iwe vumbi, moshi, gesi au kelele, wataalamu wamekiwekea nambari: hewa isizidi miligramu kadhaa kwa kila mita ya ujazo, sauti isizidi desibeli kadhaa. Nambari hizi zilianza kukusanywa kwa orodha huko Marekani miaka ya 1940, na nchi nyingi, yetu ikiwamo, zimezifuata kwa namna moja au nyingine. Ndani ya nyingi za nambari hizi kuna mtu aliyefikiriwa. Mtu huyo anafanya kazi saa 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki, jumla saa 40. Akimaliza anakwenda nyumbani, na nyumbani kwake hewa ni safi. Huko anakaa saa 16, kisha anarudi.

Nitazameni nyuso zenu. Yupo mtu huyo hapa?

(Wakacheka. Mmoja akasema, "Huyo ni karani.")

Ni karani, naam. Lakini nambari yake ndiyo mnayopimiwa ninyi.

Tulio watu wa pwani tuna njia nyepesi ya kulielewa jambo hili. Chukua dau linalovuja. Si vibaya sana, chombo cha mbao hakikosi kuvuja kidogo. Maji yanaingia, yanakusanyika ngamani, na baharia anakaa na upo wake, kile chombo cha kuchotea maji, anayafua, yaani anayachota na kuyamwaga nje. Tuseme maji yanaingia saa 8, na mtu ana saa 16 za kuyafua. Dau litakwenda miaka. Sasa nahodha akasema: kuanzia leo maji yataingia saa 12. Yameongezeka saa 4 za kuvuja, sivyo? Lakini tazama upande wa pili. Saa hizo 4 zimetoka wapi? Zimetoka katika saa za kufua. Siku haikurefuka, ina saa 24 zilezile. Kwa hiyo umeongeza maji na umepunguza upo, yote mawili kwa mkono mmoja. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, na ndipo nilipokosea mimi. Mzee yule aliziona saa 4 zilizoongezeka. Mimi sikuziona hata hizo, sembuse zile zilizopungua.

Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Marekani, Brief na Scala, waliiandika hesabu hii kwa njia ambayo hata mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya, na hadi leo inatumika. Wanasema: chukua 8, gawanya kwa saa unazofanya kazi kweli. Kwa zamu ya saa 12 hiyo ni 8 kwa 12, yaani theluthi mbili. Hayo ni maji yanayoingia. Kisha chukua saa unazopumzika kweli, gawanya kwa 16. Hiyo ni 12 kwa 16, robo tatu. Huo ni upo. Zidisha theluthi mbili kwa robo tatu. Unapata nini?

(Binti mmoja wa shule akajibu kabla ya wazee: "Nusu.")

Nusu! Mpeni binti huyu soda, nitalipa. Zamu ya saa 12, kikomo kinakuwa nusu ya kile kilichoandikwa kitabuni. Si kitu kidogo. Yule mzee wangu alikuwa na robo tatu. Mimi nilisoma robo tatu chini ya kikomo kizima nikasema salama, kumbe kikomo chake kilikuwa nusu, na alikuwa amekivuka kwa nusu yake tena. Zamu ya saa 10 je? 8 kwa 10, mara 14 kwa 16, unapata 0.7. Hata saa 2 tu za nyongeza zinakula karibu theluthi ya kikomo.

Pia ipo hesabu ya wiki. Wiki ina saa 168. Ukitoa 40 za kazi zinabaki 128 za kupumzika. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo panaponikera. Kanuni za mishahara za Kenya zinahesabu wiki ya kawaida kuwa ya saa 52 kwa siku 6. Hiyo si ovataimu, ni wiki ya kawaida kabisa. Fanya hesabu: 40 kwa 52, mara 116 kwa 128. Jibu ni karibu 0.7. Maana yake hata mwajiri mwema, asiyemwibia mtu dakika moja, akifuata saa za kisheria na kikomo cha kitabuni kwa pamoja, tayari amevaa viatu viwili visivyo jozi. Saa ni zetu, nambari ni ya wiki ya wengine. Na anayefanya saa 12 kwa siku 6, hizo ni saa 72, kikomo chake kinashuka hadi 0.42. Sitaki mnyooshe mikono, najua wapo.

Wapo watu waliokwisha kulishika jambo hili. Magharibi mwa Australia wachimbaji wengi hupelekwa migodini kwa ndege, wanafanya kazi saa 12 kila siku kwa wiki nzima au mbili mfululizo, kisha wanarudishwa nyumbani kupumzika. Mamlaka za migodi za huko zimetoa mwongozo wa namna ya kupunguza vikomo kufuatana na zamu hizo. Marekani, kanuni ya silika, yaani vumbi la mchanga na mawe linaloharibu mapafu, kwa migodi iliyotolewa Aprili 2024 imeweka kikomo cha mikrogramu 50 kwa mita ya ujazo, na ikasema kwamba vumbi la zamu nzima, hata ikiwa ya saa 12, lihesabiwe lote kisha ligawanywe kwa saa 8. Haligawanywi kwa 12. Ni swali la mzee yule limegeuzwa kanuni. Wenye migodi walikwenda mahakamani na utekelezaji ukasogezwa mbele, lakini hesabu yenyewe sikusikia mtu akisema si sahihi.

Mtaniuliza, mbona Wamarekani wamechukua nusu ya kwanza tu ya ile hesabu, ya maji yanayoingia, wakaacha ya upo? Swali zuri, na jibu lake ndilo linalotenganisha mtaalamu na msoma kitabu kama nilivyokuwa. Si kila kitu kinafulika.

Chukueni moshi wa tanuu la chokaa, mawe juu, kuni chini. Kuni zikiungua bila hewa ya kutosha zinatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, inang'ang'ania damu na kuzuia pumzi. Damu inajifua yenyewe. Ukikaa kwenye hewa safi, kila saa 4 au 5 nusu ya gesi hiyo inatoka. Tuseme 4 ili tuhesabu kwa vidole. Ukipumzika saa 16, inagawanyika nusu mara nne, inabaki sehemu moja katika 16. Ukipumzika saa 12, inagawanyika mara tatu, inabaki moja katika 8. Mara mbili! Unaanza siku ya pili na deni la jana. Kitu kama hicho ndicho hesabu ya Brief na Scala inakifaa, ingawa wenyewe hawakuangalia damu ya mtu, waliangalia saa tu.

Silika si hivyo. Silika ni maji yaliyogeuka mchanga. Ile chembe ndogo kabisa, ndogo kuliko unene wa unywele mara kumi na zaidi, ikishafika ndani ya pafu inakaa, inalikwaruza hadi pafu linafanya kovu. Upo hauchoti mchanga, na mapumziko ya saa 16 au 160 hayatoi kitu. Hapo kinachohesabiwa ni jumla ya yote uliyoyavuta maishani. Ndiyo maana wachimba dhahabu wa Afrika Kusini, wengi wao wakitoka Lesotho na Msumbiji, waliugua wakiwa wamekwisha rudi makwao miaka mingi. Madaktari walikutana Johannesburg kuuzungumzia ugonjwa huo wa silikosisi mwaka 1930. Fidia kubwa ya randi bilioni 5 ilipitishwa na mahakama mwaka 2019. Hesabuni wenyewe miaka iliyopita katikati.

Halafu kuna vitu vinavyouma papo hapo. Chokaa mbichi ikikuingia jichoni haingoji uhesabu zamu. Vikomo vya vitu vya namna hiyo ni vya wakati uleule, havipunguzwi kwa sababu ya zamu ndefu, na pia haviongezwi. Nasema haviongezwi kwa sababu nimewahi kumsikia nyapara mmoja akidai kwamba vijana wake wanafanya kazi saa 4 tu, basi waruhusiwe vumbi mara mbili. La, bwana. Hesabu hii inashuka tu, haipandi.

Sasa turudi Maweni. Nisije nikawatia hofu isiyo yenu. Jiwe mnalokata ni matumbawe ya kale, na matumbawe ni kalisi kaboneti, ndugu wa ganda la yai. Silika yake ni kidogo sana ukilinganisha na jiwe la dhahabu la Johannesburg. Mshukuruni Mungu kwa hilo. Lakini kidogo si hakuna, na pale tabaka la mchanga linapoingia katikati ya jiwe, mashine ikausaga, hadithi inabadilika. Punje nzima ya mchanga haifiki pafuni, inaishia puani. Ikisagwa ndipo inapofika. Na hata vumbi tupu la matumbawe lina kikomo chake. Pafu si ghala.

Lipo jambo jingine hapa ambalo wenye kuandika vikomo hawakulifikiria. Mtu wao alikwenda nyumbani. Ninyi nyumbani kwenu ni wapi? Naiona nguo imeanikwa pale, na shimo liko hapa, na katikati hapafiki hatua hamsini. Mtoto analala, jirani anakata. Basi ule upo wa saa 12 nilioutaja, kwenu si wa saa 12. Mke wa mkata mawe, ambaye hakuna daftari linalomtambua kuwa mfanyakazi, anavuta sehemu ya zamu ya mumewe. Kisha mnalipwa kwa jiwe. Anayelipwa kwa jiwe hapumui kama karani. Anapumua kama punda mlimani, na kila pumzi nzito inaingiza hewa zaidi, na hewa zaidi ni vumbi zaidi.

Na tukishamtaja punda. Punda wa Lamu, anayebeba mawe haya akishayapokea gatini, amekuwa na kliniki yake ya bure pale mjini tangu miaka ya 1980. Kuna mtu wa kumtazama mgongo na kwato. Simwonei wivu, maskini. Nauliza tu, aliyelikata jiwe lenyewe mgongo wake unatazamwa wapi?

(Hapa bwana mmoja aliyekaa mbele akasimama. "Mwalimu, umesema vizuri. Lakini mimi nikipunguza saa, mawe yanapungua. Hiyo nusu yako nitawapikia watoto?")

Ahsante kaka. Nilikuwa nangoja mtu anikamate hapo. Ile nusu haikwambii uende nyumbani saa sita mchana. Inaiambia hewa iwe safi mara mbili. Ukitaka kubaki na saa 12 zako, baki nazo, lakini vumbi lishuke. Linashushwaje? Kwa maji, kwanza. Tatizo ninalijua: kisiwa hiki maji matamu ni shida tangu enzi za Takwa, mji uliohamwa upande ule karne ya 17, na wazee husema maji kugeuka chumvi ni sababu mojawapo. Jiwe ukililowesha kwa maji ya chumvi, mwashi wa Lamu atakulaani miaka mitano baadaye plasta ikianza kubanduka. Basi maji matamu machache yawe ya ubapa wa msumeno tu, yadondoke tone kwa tone penye meno. Maji ya kisima ya chumvichumvi yamwagwe njiani na sakafuni kabla ya kufagia, hapo hayamdhuru mtu. Pili, upepo. Ninyi mmekaa na mabaharia miaka yote hii, bado nawaona mnakata vumbi likiwapiga usoni. Kaa joshini, upande upepo unakotoka, vumbi liende demani, upande unakoelekea. Kusi likigeuka kaskazi nawe geuka. Tatu, kubadilishana: aliyekata asubuhi apakie mashua jioni. Jumla ya mawe ni ileile, lakini vumbi limegawanywa kwa watu wawili. Shuka mnayojifunga puani inazuia jasho, vumbi laini inaliacha lipite. Barakoa ya vumbi yenye kubana uso ni bora, ila nayo ije baada ya maji.

Kelele nitaipitia haraka. Kanuni zetu za mwaka 2005 zinasema mtu asikae kwenye wastani wa desibeli 90 zaidi ya saa 8 katika siku. Desibeli 3 zikiongezeka, nguvu ya sauti inakuwa maradufu. Kwa hiyo zamu ya saa 12 inashusha kikomo hadi kama 88, na nchi nyingi zinaanzia 85, si 90. Mashine ikikulazimisha upige kelele ili mwenzako aliye hatua moja nawe akusikie, umekwisha fika huko, huhitaji kifaa changu.

Na sheria je? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inahusu kila mahali ambapo mtu yupo kazini, awe wa kudumu au wa muda. Haisemi lazima uwe na barua ya ajira. Penye wafanyakazi 20 au zaidi inataka pawe na kamati ya usalama. Na ukiona hatari kubwa iliyo karibu, ukaripoti, huwezi kulazimishwa kurudi pale kabla haijaondolewa. Wenye mashimo mnanisikia, nami nawaona. Sijaja kugombana nanyi. Nimekuja kuwaomba kitu kimoja kisicho na gharama: daftari. Muandike saa. Nani aliingia lini, alitoka lini, alikata au alibeba. Bila saa hizo hakuna hesabu ya kikomo inayoweza kufanyika, na mtu yeyote atakayewaletea karatasi ya "Salama" bila kuwauliza saa zenu, mrudishieni.

Mashua yangu inarudi jioni na nitalala mjini, kesho nakuja tena. Pampu ninayo moja, na vichujio viwili. Nahitaji mkata mawe mmoja aivae kesho, na kesho kutwa mbebaji mmoja. Aivae tangu anaposhika nyundo hadi anapoiweka chini, hata kama ni usiku. Nitakaa naye. Hakuna gari linalonisubiri.

Haya, nani wa kesho?